Hatamu Kabla ya Pumzi

Chupa ilikuwa ikitokota bila moto. Ilining'inia ubavuni mwa mtungi wa oksijeni, maji nusu, na kila hewa ilipopita ndani yake ilitoa mapovu, blu-blu-blu, kama mtoto anayechezea uji. Kutoka hapo hewa ilishika mpira mwembamba, ikapita juu ya majani makavu yaliyotandikwa sakafuni, ikapanda hadi kwenye pua ya mtoto wa farasi aliyezaliwa jana yake, kabla ya siku zake kutimia. Mpira uliingia kwenye mwanzi mmoja wa pua ukaenda hadi karibu na koo. Daktari wa wanyama aliushona kwa uzi mmoja, akaufunika kwa plasta, kisha akainuka na kuwatazama watu waliojazana ndani ya kile kizimba cha farasi.

"Nisikilizeni vizuri. Mtu akizibwa pua hufungua mdomo, maisha yakaendelea. Farasi hana bahati hiyo. Kwake yeye mdomo ni wa kulia tu, hewa yote inapita puani. Pua ya huyu ndiyo roho yake. Sitaki iguswe. Sitaki mkono, sitaki kitambaa, sitaki hata nzi."

"Nzi utawaambia mwenyewe, daktari," akasema Mbwembwe. "Mimi hawanisikii."

Watu wakacheka, wakatawanyika kwenda kwenye kazi zao. Wakati wa kutoka, Mbwembwe alimtazama yule mtoto, mbavu zake zikipanda na kushuka kama mvukuto uliotoboka, akatikisa kichwa. "Huyo wa kufa," akasema. "Tusimchoshe daktari wa watu."

Akabaki msichana mmoja, amepiga magoti kwenye majani, paja lake chini ya kifua cha mnyama.

Bandani walimwita Taratibu. Jina hilo alipewa na mjomba wake, msimamizi wa farasi wote wa shamba lile, siku ya kwanza alipomwona akimwaga maji kwenye pipa asidondoshe hata tone. Mjomba ndiye aliyemchukua alipomaliza darasa la saba, mama yake aliposema hana tena pa kumpeleka. Mbwembwe alikuwa mtoto wa mjomba huyohuyo, binamu yake wa kutaniana, kijana aliyetembea kana kwamba nyuma yake kuna ngoma inapigwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kufika mbele.

Na pale bandani kufika mbele kulikuwa na maana yake. Palikuwa na desturi ambayo hakuna aliyejua nani aliianza: mtoto wa farasi huvishwa hatamu yake ya kwanza siku anaposimama kwa miguu yake, na mkono uliomvisha ndio unaomlea. Hakuna kuteuliwa, hakuna kubembeleza. Mlezi humpa mtoto jina, humfundisha kutembea na mtu, na mwenye shamba anapokuja kuuliza habari, mlezi ndiye anayejibu. Wengine husimama pembeni na mafagio yao.

Taratibu alikuwa na fagio lake kwa miaka. Aliwakamua farasi wenye matiti yaliyovimba, aliwakanda wenye tumbo la kusokota, na alijua ni nani kati yao anayeogopa mwavuli na ni nani anayeogopa jogoo. Lakini kila mtoto aliposimama, mikono yake ilikuwa na ndoo. Hadi aitue na kujifuta, hatamu imeshafungwa na mtu mwingine. Shangazi, mke wa mjomba, alikuwa akimwambia, "Wewe mwanangu utaolewa na ndoo." Taratibu alicheka kila mara. Akifika chumbani kwake hakucheka.

Huyu wa sasa hakuna aliyemtaka. Alizaliwa na manyoya laini kama hariri, masikio yamelala, paji la uso limetokeza kama la kizee. Daktari alieleza kwamba mapafu yake yalikuwa machanga, hayajajua kazi, na kwamba asilazwe ubavu, maana pafu la chini litajifunga kwa uzito. Akae kifudifudi, kifua chini, kama mbwa anayeota jua, na ageuzwe mara kwa mara upande huu na upande ule. "Nani atakaa naye?" daktari aliuliza. Kila mtu akakumbuka kazi yake. Taratibu akasema, "Mimi."

Basi alikaa. Alijifunza kuhesabu pumzi kwa kuweka kiganja nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele. Alijifunza rangi ya ufizi, ule wekundu hafifu unaotakiwa, na ule ukijivu usiotakiwa. Upande wa pili wa ukuta wa mbao alikuwa mama mtu, farasi jike aliyeitwa Bibi Harusi kwa sababu hakuwahi kutoka mlangoni bila kusukumwa. Bibi Harusi alipitisha kichwa juu ya ukuta, akavuta harufu ya mwanawe, akaguna.

"Yupo, mama," Taratibu akamwambia. "Yupo. Tulia."

Kulipokucha siku ya pili mtoto alianza kubadilika. Masikio yalisimama, moja kabla ya jingine. Alipewa maziwa kidogo, akayatafuta tena kwa midomo. Daktari alimbana kifaa chake kidogo cha kupimia oksijeni ya damu ulimini, akasoma namba, akasoma tena. "Anapanda," akasema. "Sisemi neno zaidi ya hilo. Anapanda."

Habari za mgonjwa anayepona hazihitaji mjumbe. Kabla ya jua kufika katikati, watu ambao jana walikuwa na kazi nyingi walipata nafasi ya kupita kizimbani. Wakachungulia, wakasifu miguu. Mmoja akasema ana macho ya babu yake. Mbwembwe alipita mara mbili, na mara ya pili Taratibu aliona mkanda mpya wa hatamu umechomoza kwenye mfuko wa nyuma wa suruali yake.

Ukamwingia moyoni kama mwiba.

Adhuhuri mtoto alitaka kusimama. Alitanguliza miguu ya mbele, akaanguka kwenye mito ya kitambaa aliyopangiwa. Akajaribu tena. Taratibu alimpitishia mikono chini ya kifua na chini ya mapaja, hakumwinua, alimsindikiza tu, na mara akawa amesimama, miguu minne imetawanyika kama vijiti vya mwavuli uliogeuzwa na upepo. Alitetemeka. Lakini alisimama, na mikono ya Taratibu ilipolegea aliendelea kusimama.

Kupitia mlangoni alimwona Mbwembwe, ng'ambo ya ua, anakuja.

Kwenye msumari karibu na mlango ilining'inia hatamu ndogo ya kitambaa, ile ya watoto. Taratibu aliitazama, akamtazama mtoto, akakumbuka maneno ya daktari kuhusu pua. Aliyakumbuka vizuri kabisa. Akajiambia: mkanda wa puani nitauweka juu, penye mfupa, mbali na mpira. Sitaubana. Nitaulegeza hadi vidole vipite. Akaivisha upesi kuliko kitu chochote alichowahi kufanya maishani mwake. Kisha mtoto akachoka, akashuka polepole, kifua chini, kichwa kikalala kwenye mto.

"Eh!" Mbwembwe alisimama kizingitini. "Leo umekimbia, dada?"

"Kasimama."

"Nani shahidi?"

"Mama yake alikuwa anaangalia."

Bibi Harusi alipiga chafya juu ya ukuta. Mbwembwe akacheka bila kutaka. "Haya, mwenye kesi ndiye shahidi. Lakini daktari si alisema pua isiguswe?"

"Iko juu. Angalia mwenyewe. Mjomba akishaiona naivua."

"Ivue sasa hivi."

"Nikiivua sasa utavisha yako."

Mbwembwe hakukana. Alijikuna shingo, akaingiza ule mkanda mfukoni hadi ukapotea. "Baba yuko langoni, lori la majani limekuja," akasema. "Ngoja nikamwite. Sitaki kesho niambiwe nimemdhulumu mtoto wa shangazi yangu."

"Jana ulisema wa kufa."

"Jana ilikuwa jana," akajibu, akaenda.

Ilikuwa saa ya kukamua. Daktari alitaka mtoto apewe maziwa ya mama yake mwenyewe, ya moto, si ya kopo. Taratibu akaangalia mkanda: uko juu. Akaangalia mpira: umekaa. Akachukua ndoo, akazunguka ukuta.

Kumkamua farasi si kama kumkamua ng'ombe. Titi lenyewe ni dogo, humezwa na kiganja, na mwenyewe lazima aridhike kwanza. Taratibu aliegemeza paji la uso wake kwenye ubavu wa Bibi Harusi, akaanza. Maziwa yalipiga ndoo, chwa, chwa. Ng'ambo ya mbao chupa ikaendelea, blu-blu-blu. Alikuwa akiwaza jina. Alikuwa na majina mawili, moja la heshima na moja la kudekeza, na alikuwa anayaonja yote mawili mdomoni alipogundua kwamba kwa muda sasa alikuwa anasikia maziwa peke yake.

Chupa ilikuwa imenyamaza.

Hakukumbuka baadaye alivyozunguka ukuta. Mtoto alikuwa amegeuza kichwa kumtafuta mama yake, akakisugua kwenye mto, na ile hatamu iliyolegezwa, iliyoshonwa kwa ajili ya vichwa vya watoto waliotimia siku zao, ilikuwa imeteleza. Mkanda ulikuwa umeshuka kutoka penye mfupa hadi pale chini ambapo pua ni nyama tupu. Ulikuwa umekunja mpira upande mmoja na kuziba mwanzi wa pili. Mbavu zilikuwa zimezama. Macho yalikuwa wazi, makubwa, hayamwoni mtu.

Aliikata ile hatamu kwa kisu cha kufungulia majani. Maji yakatokota tena. Akainyoosha plasta kwa kidole gumba, akaishindilia ile hatamu ndani ya mfuko wa aproni, akapiga kelele. "Daktari! Daktari!"

Daktari alikuja mbio, kalamu ingali mkononi. Mjomba alikuja kutoka langoni na vumbi la majani kichwani, na Mbwembwe nyuma yake. Daktari alipiga magoti, akafunua ufizi. Ulikuwa wa rangi ya jivu. Akabana kifaa ulimini, akasikiliza kifua upande huu, akasikiliza upande ule. Mtoto alivuta pumzi fupi tano, sita, kisha akaacha, kana kwamba amesahau. Kisha akakumbuka tena.

"Sielewi," daktari akasema polepole. "Asubuhi alikuwa anapanda. Chupa inafanya kazi, mpira uko mahali pake." Akakaa juu ya visigino vyake. "Mapafu ya mtoto njiti ndivyo yalivyo. Yanafunguka leo, kesho yanagoma. Yakishaanza kujifunga hivi siku ya pili, mimi sina mlango mwingine wa kupitia."

"Tungoje kidogo?" Mjomba akauliza.

"Kungoja ni kwetu sisi, mzee. Yeye anazama, na anajua kwamba anazama. Naweza kumpa sindano akalala. Afadhali hivyo kuliko kumwangalia."

Mjomba alivua kofia. Alikuwa mtu aliyezika farasi wengi na hakuwahi kuzoea. "Kama ndiyo hivyo," akasema, akageuza uso ukutani.

Taratibu alikuwa amesimama na mkono ndani ya mfuko wa aproni. Kitambaa cha hatamu kilikuwa bado na joto. Aliinua macho, akakutana na ya Mbwembwe. Mbwembwe alikuwa anautazama ule mfuko. Akautazama uso wa mtoto, penye alama nyembamba ya unyevu juu ya pua, akautazama tena mfuko. Alielewa. Akafunga mdomo wake, akainamisha kichwa, na Taratibu naye akaelewa kwamba binamu yake hatasema. Jambo lingeweza kuishia hapo. Sindano, turubai, shimo nyuma ya shamba, na watu wangesema njiti ni njiti, kazi ya Mungu haina makosa. Angebaki na fagio lake na heshima yake ndogo. Pengine wangemsifu kwa kumkesha mgonjwa.

Daktari alifungua begi.

"Si mapafu," Taratibu akasema.

Sauti ilitoka ndogo. Daktari hakusikia. Akairudia.

"Daktari, si mapafu. Nilimvisha hatamu. Ikateleza, ikamziba pua. Nilikuwa nakamua upande wa pili. Nimeikata kabla hujafika." Akaitoa mfukoni, akaiweka juu ya majani, kwa sababu hakuwa na pengine pa kuiweka.

Daktari aliitazama ile hatamu.

"Ilimziba kwa muda gani?" daktari akauliza, na sauti yake haikuwa na hasira wala huruma, ilikuwa ya mtu anayetafuta ufunguo.

"Sijui. Nilianza kukamua chupa ikiwa inalia. Ilipoacha sikutambua papo hapo. Nilipotambua, maziwa ndooni yalikuwa yamefika hapa." Akaonyesha kimo kwa vidole, chini kidogo ya robo ya ndoo.

Daktari alikuwa ameshaitupa sindano begini. Alitoa barakoa ya mpira na mfuko wa kupulizia, ule unaokandamizwa kwa mkono. "Basi amechoka, hajashindwa. Ni vitu viwili tofauti. Wewe," akamwambia Mbwembwe, "mshike kifua, asianguke ubavu. Mzee, nyoosha shingo yake, pua mbele, kama anayenusa mbali. Na wewe uliyemziba, njoo umzibue. Kandamiza mpaka uone kifua kimeinuka. Achia. Subiri kishuke chenyewe. Usipulize juu ya pumzi yake. Akivuta, wewe nyamaza."

Taratibu alikandamiza. Kifua kidogo kikapanda. Akaachia. Kikashuka. Akakandamiza tena. Mikono yake haikutetemeka, na jambo hilo lilimwumiza, kwamba mikono imejua kutulia sasa. Jasho la Mbwembwe lilidondoka kwenye manyoya ya mtoto. "Vuta, mdogo wangu," alikuwa akinong'ona. "Vuta, bwana, usituaibishe." Mjomba alishika shingo kama mtu aliyeshika yai.

Walikaa hivyo mpaka kivuli cha mlango kikahama kutoka kwenye mito hadi kwenye mtungi. Mara kwa mara daktari alisema "acha," wakamtazama mtoto, naye akavuta mbili tatu na kukoma. Wakaanza upya. Kisha ikaja "acha" moja ambayo baada yake mbavu ziliendelea. Ziliendelea vibaya, kwa kukwama kwama, lakini ziliendelea. Daktari alifunua ufizi. Hakutabasamu.

"Amerudi kupumua. Ila sitawadanganya. Hewa ikikatika, kichwa nacho huumia. Anaweza kuamka asijue titi ni nini, asijue mama yake ni nani. Au asiwe na neno. Nitajua kesho, labda keshokutwa." Akamgeukia Taratibu. "Ungenyamaza ningemuua kwa mkono wangu mwenyewe. Hilo nitalikumbuka. Na lile jingine nitalikumbuka pia."

Akatoka kwenda kunawa.

Mjomba alikuwa bado amepiga magoti. Taratibu alingoja amgombeze, hata alitamani. Mjomba aliokota hatamu, akaikunja mara nne, akaivalisha kidole chake kama pete, akaivua.

"Nilikuwa nakuja kukwambia sawa," akasema. "Mwanangu aliniita langoni, akaniambia, baba, Taratibu amewahi. Nikafurahi. Nikasema, mwishowe amepata wake." Akaigeuza ile hatamu kiganjani. "Kumbe wewe uliyeambiwa na daktari, uliyesikia kwa masikio hayo, ndiye uliyefanya hivi. Angekuwa mwingine ningesema hajui."

"Nisamehe, mjomba."

"Si mimi uliyemziba." Akainuka, magoti yakalia. "Toka humu. Kamua, fagia, fanya kazi zako, lakini mguu wako usivuke kizingiti hiki. Mbwembwe atakaa."

"Mimi?" Mbwembwe akashtuka. "Baba, mimi mtoto mgonjwa simjui. Mimi najua wa kukimbia."

"Utamjua."

Taratibu alichukua ndoo yake. Maziwa yalikuwa yamepoa na kutanda utando. Aliyamwaga, akaosha ndoo bombani, akarudi kumaliza kumkamua Bibi Harusi, ambaye sasa alikataa, akazunguka zunguka, akampiga mkia usoni. Ilibidi asimame tu, mkono begani mwa farasi, mpaka wote wawili wachoke. Alipotoka na robo ndoo, jua lilikuwa limelala juu ya mapaa ya mabanda, na shangazi alikuwa anamwita mtu kutoka jikoni. Aliyeitwa hakuwa yeye.

Daktari alipokea maziwa bila kuinua macho.

Taratibu alipopita mbele ya kile kizimba, alisikia mtu akimwita kwa kunong'ona. Nusu ya juu ya mlango ilikuwa wazi. Mbwembwe alikuwa ameketi kwenye majani, amemkumbatia mtoto kama mtu aliyebebeshwa gunia linalovuja, shati limelowa.

"Dada. Anapinda. Kila nikimweka sawa anapinda. Nifanye nini?"

Taratibu alisimama nje ya mlango. Aliona kichwa kile, paji lile la kizee, macho nusu wazi. Hakujua kama yanaona.

"Goti lako liko wapi?"

"Hapa."

"Siyo hapo. Lisogeze chini ya bega lake. Zaidi. Hapo. Sasa yeye ndiye akulalie, si wewe umlalie."

Mbwembwe alisogeza. Mtoto akatulia kidogo.

"Ingia basi, unionyeshe. Mzee yuko kwake."

"Siingii."

"Hakuna atakayekuona."

"Nimekwambia siingii." Akashika ukingo wa mlango kwa mikono miwili. "Weka kiganja nyuma ya kiwiko chake. Unasikia?"

"Nasikia kitu. Sijui ni chake au ni changu."

"Chako kina haraka. Ngoja usikie cha pili."

Mbwembwe alingoja. Uso wake, ambao siku zote ulikuwa na shughuli, ulikuwa mtupu kama wa mtoto. "Nimekipata," akasema. Kisha, bila kumtazama, "Ningekuwa mimi nisingesema. Ningeacha achomwe sindano."

"Najua."

"Na ungenyamaza, ungeniacha na mimi nibaki najua, maisha yangu yote."

Taratibu aliinamisha macho kwenye kizingiti.

"Jina," Mbwembwe akasema. "Ulishampa? Nimwite nani?"

Yalikuwepo yote mawili, la heshima na la kudekeza, yakiwa bado mdomoni. Akayameza.

"Bado hana," akasema. "Amekaa sana upande huo. Mgeuze sasa. Shingo kwanza, halafu kifua. Na usiiguse pua."